Formasio bila kipimo haisafishi mto

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa makartie ya Lubumbashi, katika kikao juu ya maji na migodi.



Najua wengine mumekuja kwa mguu, juu transpo imepanda. Sitawachelewesha.

Kila mara tunaona picha ileile. Sale ya hoteli, banderole ku ukuta, wakubwa wa serikali wamekaa nyuma ya chupa za maji safi, na chini wameandika: semina ya kufundisha maajenti wa serikali namna ya kupigana na uchafuzi na kuchunga mazingira. Siku tatu, sertifika, picha ya pamoja, kila mutu anarudi kwake na pesa ya transpo. Hatupingi masomo. Sisi wenyewe tumesoma, na wazazi wetu wanajua bei yake. Lakini tuko na swali moja, na mu picha hatuoni jibu: kisha semina, ni mto gani ulipimwa?

Tusianze kwa kusema kwamba Congo haina sheria. Sheria iko, tena mingi. Katiba ya 2006, artikle ya 53, inasema kila mutu ana haki ya kuishi mu mazingira yenye afya, na ana wajibu wa kuyatetea. Artikle ya 54 inasema uchafuzi unaotokana na kazi ya biashara unalipiwa. Sheria ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya mazingira inalazimisha etide ya matokeo mbele ya mradi kuanza, inataka wananchi waulizwe, na inatupa haki ya kupewa habari za mazingira. Mwaka 2014 serikali ilianzisha Agence Congolaise de l'Environnement, ACE, kwa kuchunguza zile etide. Kodi ya migodi, vile ilirekebishwa mwaka 2018, inasema mwenye mgodi anajibu kwa hasara aliyoleta hata kama hakuna aliyeonyesha kosa lake. Mutu akisoma hizi karatasi tu, bila kufika ku mto, atafikiri tunaishi paradizo.

Lakini sheria haina macho. Macho yake ni ajenti. Ajenti asipoona, sheria ni kipofu.

Sasa ajenti anapashwa kuona nini? Hapa kwetu, viwanda vingi vinatoa shaba na kobalti mu mawe kwa asidi sulfuriki. Kinachobaki ni matope na maji yenye asidi na metali, inatupwa mu mabwawa. Bwawa likivuja, ao mvua kubwa ikipanda juu yake, maji inatafuta njia ya kushuka: mu kijito, mu shamba ya mboga, mu kisima. Asidi inapimwa kwa pH. Saba ni katikati. Tunafikiri kutoka saba kwenda ine ni hatua tatu ndogo, kumbe hapana. Kila hatua moja ni mara kumi. Maji ya pH 4 ina asidi mara elfu moja kupita maji ya pH 7. Na kwa macho, inaweza kuwa safi kabisa. Mama anafulia humo, mutoto anaoga humo.

Njo maana kupima si mambo ya kubahatisha. pH unaipima palepale ku mto, juu ukibeba maji mpaka mujini inaweza kubadilika. Unachukua maji juu ya kampuni na chini ya kampuni, ili uonyeshe kilichoongezeka katikati. Kwa metali, unatia asidi nitriki kidogo mu chupa, ili metali zisishikamane na chupa, unaiweka ku baridi. Unaandika saa, pahali, jina la aliyechukua. Chupa moja inaenda ku labo, ingine inabaki kwa pande zote mbili, imefungwa na kutiwa sinyatire. Ukikosa hata hatua moja, avoka wa kampuni atasimama ku tribinali aseme: hii chupa ilitoka wapi? Na atakuwa na haki. Kesi yote inaanguka kwa chupa moja.

Hayo mambo yanafundishika kwa wiki moja. Shida iko kwingine.

Mimi nilisoma kemia. Niko shomeri kama wengi mu hii sale. Kisha kupata dipolome nilifanya staji ya miezi mitatu mu ofisi moja ya serikali. Sitaitaja, juu watu wake hawakuwa wabaya. Kulikuwa papa mmoja, ajenti wa zamani, ana sertifika tatu ku ukuta. Mashini ya pH ilikuwa mu kabati, lakini kichwa chake kilikufa, na maji ya kuirekebisha iliisha zamani. Siku ya kwenda kukagua, ofisi haikuwa na gari. Kampuni ileile tulioenda kukagua njo ilituma jipu kutuchukua. Maana yake walijua siku, walijua saa, na chakula kilikuwa tayari. Tulipofika ku mufereji, maji ilikuwa inang'aa.

Papa yule alikuwa mwaminifu. Mu fishi, pahali pa pH, hakuandika kitu. Aliacha wazi. Ripoti ikapanda ku wakubwa na nafasi wazi, na hakuna mutu aliyerudisha kuuliza sababu. Nikamuuliza: "Papa, na zile semina zote?" Akacheka: "Mwanangu, walinifundisha kuendesha gari. Gari yenyewe njo haikukuja."

Wandugu, tusimwite yule papa adui. Adui ni ile nafasi wazi mu ripoti. Ajenti mwenye sertifika lakini hana mashini, hana gari, hana labo, ni mutu tuliyemfunga mikono kisha tukampigia makofi.

Watu watasema: ufundi hauko, ni lazima wageni waje. Hapana. Ufundi uko hapa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kati yao profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima mukojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Mwaka 2009 walitangaza kwamba kobalti ilikuwa mingi sana mu miili ya watu wa kawaida, hata wale wasiofanya kazi mu mgodi. Mwaka 2018 walitoa kazi ingine juu ya kartie Kasulo, Kolwezi: watoto wa pale walikuwa na kobalti mu mukojo karibu mara kumi kupita watoto wa pahali pengine. Kwa hiyo hatulazimiki kungoja mwalimu ashuke na ndege Luano.

Na tuangalie nani anafundishwa. Mwezi wa Novemba 2025, hapa Lubumbashi, maji ya bwawa la kampuni CDM ilitoka, ikaingia mu makartie. Waziri wa migodi alisimamisha kazi ya ile kampuni kwa miezi mitatu. Sawa. Lakini siku kama ile, mutu wa kwanza kuitwa si waziri. Ni shefu wa kartie. Ni infirmye wa santre ya afya. Ni polisi wa karibu, na nyuma yake prokirere. Hao wasipojua kwamba maji inapimwa saa ileile, kwamba chupa inafungwa mbele ya mashahidi, kwamba visima vinafungwa mbele ya watu kunywa, ushahidi unaondoka na mvua. Kesho yake tunabaki na vidéo mu telefone, na vidéo haina pH.

Kwa hiyo tunaomba mambo mane, na tunayaomba kwa heshima lakini bila kurudi nyuma.

Ya kwanza: formasio ifanyikie ku mto, si mu hoteli. Egzamu ya mwisho iwe kuchukua maji sawasawa. Asiyeweza, arudie.

Ya pili: kila ajenti aliyefundishwa atoke na vifaa vyake, na pesa ya kuvitengeneza iandikwe mu bajeti. Na asipande tena gari ya kampuni anayokwenda kukagua.

Ya tatu: vipimo vibandikwe ku komine kila mwezi, kwa Kiswahili, vyenye tarehe na jina la mto. Nafasi ikibaki wazi, sababu iandikwe.

Ya ine: nafasi za kazi zipitie konkuru ya wazi. Vijana wenye kemia, jeolojia, afya ya watu wote, wako. Hatuombi kazi ya huruma. Tunaomba tupimwe, vile tunaomba mito ipimwe.

Watatuambia: pesa haiko. Basi tuulize kodi ya migodi yenyewe. Ile redevansi ya migodi inagawanywa: 50% kwa serikali ya Kinshasa, 25% kwa provense, 15% kwa miji, komine, sekta na sheferi pahali mgodi uko, na 10% kwa mufuko wa vizazi vijavyo. Inchi inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia haiwezi kukosa mashini ya pH. Inaweza tu kukosa kuinunua.

Na sisi? Ile artikle ya 53 haikusema wajibu ni wa ajenti peke yake. Kila kikundi cha kartie kijue jina la ajenti wa mazingira wa komine yake. Kiombe kwa barua, na kopi yenye kashe, kusoma etide ya kampuni iliyo karibu. Mukiona maji imebadilika ao samaki zinakufa, andikeni siku, saa, pahali, mupige picha, muonye majirani, musishike maji kwa mikono. Na musiseme namba musiyopima. Musiseme "sumu" kama hamujui. Semeni: "Maji imebadilika, tunaomba ipimwe leo." Neno hilo ni ngumu kulikataa, na hakuna atakayetuita waongo kwa ajili yake.

Mwisho. Wakitualika tena kupiga makofi siku ya kugawa sertifika, tuende. Tukae mbele, tuvae vizuri. Wakimaliza picha, tusimame na tuulize kwa adabu: "Papa, mama, pongezi. Kesho asubuhi tunapima wapi?"