Ndizi Mbichi na Mtoto Anayeharisha

Mwalimu na aandike ubaoni neno hili: UTUMBO. Lisomeni pamoja. Vema.

Ndizi mbichi ina wanga mwingi. Ikiiva, wanga hugeuka sukari. Ndiyo sababu huwa tamu. Lakini wanga wa ndizi mbichi ni mgumu. Hata ndizi ikipikwa, sehemu ya wanga huo haisagiki tumboni. Hupita mpaka utumbo mpana.

Je, huko unafanya kazi gani? Katika utumbo mpana wamo vijidudu wengi mno. Si wote adui, wako wanaotufaa. Hao hula wanga ule na kutoa asidi. Asidi hiyo ni chakula cha ukuta wa utumbo. Ukuta ukipata nguvu, hufyonza maji na chumvi. Basi maji hurudi mwilini badala ya kutoka nje.

Madaktari wa Dhaka, nchi ya Bangladesh, walilijaribu jambo hili, wakatangaza habari zake mwaka 2001. Walichukua watoto wa miezi 5 mpaka 12, walioharisha siku 14 au zaidi. Kundi moja lilipewa chakula cha mchele tu. La pili lilipewa mchele na ndizi mbichi zilizopikwa. La tatu, mchele na pektini, kitu kilichomo katika matunda. Siku ya nne, waliopona walikuwa wengi zaidi katika makundi yale mawili.

Wachunguzi wa dawa nao huitumia pektini. Huichanganya na vitu vingine, wakafunika kidonge kisiyeyuke tumboni. Kikifika utumbo mpana, vijidudu hula pektini, na dawa hutoka papo hapo penye ugonjwa.

Lakini sikilizeni sana, akina mama na akina baba. Ndizi haishiki nafasi ya maji. Mtoto anayeharisha huuawa na kukaukiwa. Mpeni maji ya dawa ya chumvi na sukari, ile ya pakiti. Mama asiache kunyonyesha. Ndizi ni ya mtoto aliyekwisha kuanza kula. Mkiona damu katika choo, au macho yameingia ndani, mpelekeni hospitali upesi.

Maswali:
1. Kwa nini ndizi mbivu ni tamu?
2. Ni nani hula wanga katika utumbo mpana?
3. Mtoto anayeharisha apewe nini kwanza?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.