Maumivu ya Endometriosi: Yajue kwa Aina Zake Kabla ya Kununua Dawa

Maneno yaliyosemwa mbele ya wananchi wa Hirbadaw, mkoani Manyara



Nimekuja kuzungumza juu ya maumivu ambayo wengi wetu huyaita chango, na ambayo yamewatoa watu fedha mwezi baada ya mwezi bila kuwapa nafuu. Chango si ugonjwa mmoja. Miongoni mwa maradhi yanayojificha chini ya jina hilo umo ugonjwa uitwao endometriosi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa humpata takriban mwanamke 1 katika kila 10 walio katika umri wa kuzaa.

Ndani ya mfuko wa uzazi mna utando unaonenepa kila mwezi, kisha ukamomonyoka na kutoka kama hedhi. Katika endometriosi, nyama zinazofanana na utando huo huota nje ya mfuko: kwenye ovari, kwenye mirija, hata juu ya utumbo au kibofu. Nazo hufuata mzunguko wa mwezi na kuvuja damu, lakini damu hiyo haina pa kutokea. Mahali hapo huvimba, hufanya makovu, na viungo huweza kushikamana. Ndiyo maana maumivu yake si ya namna moja.

Aina ya kwanza ni maumivu ya hedhi. Yale ya kawaida hupungua kwa siku moja au mbili, na mtu huweza kuendelea na kazi. Haya huweza kuanza siku kadhaa kabla ya damu, na humlaza msichana asiende shule.

Aina ya pili ni maumivu ya nyonga na tumbo la chini yasiyongoja hedhi. Mishipa ya fahamu iliyoumizwa kwa muda mrefu huwa myepesi kushtuka; mgonjwa huhisi kuungua, au kuchomwa hadi pajani.

Aina ya tatu ni maumivu ya ndani wakati wa tendo la ndoa au baada yake. Akina baba, mke anayejitenga huenda anaumwa, wala hajakukinai.

Aina ya nne huja wakati wa haja kubwa au ndogo, hasa siku za hedhi. Hapa ndipo wengi hununua dawa za minyoo au za njia ya mkojo mara kwa mara, pasipo kupimwa.

Aina ya tano husikika mbali na kizazi: mgongoni, begani au kifuani. Nchini Kenya, mtangazaji Njambi Koikai, aliyefariki Juni 2024, alieleza hadharani jinsi ugonjwa huu ulivyofika kifuani mwake na kuyadhuru mapafu. Hali hiyo ni nadra, lakini maumivu ya kifua yanayorudi pamoja na hedhi yasipuuzwe.

Tena, ukali wa maumivu haulingani na ukubwa wa ugonjwa. Mwenye madoa machache aweza kuumia kuliko mwenye makovu mengi. Basi asiwepo wa kumwambia mwenzake kwamba anajidekeza.

Sasa tuje kwenye duka la dawa. Ibuprofeni na diklofenaki ni dawa za ukoo mmoja. Usizimeze zote mbili kwa pamoja. Zitumie baada ya kula, usizidishe kipimo, na umwambie muuzaji iwapo una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu au ujauzito. Antibayotiki haziponyi endometriosi. Dawa zenye homoni, vikiwamo vidonge vya uzazi wa mpango, huwatuliza wengi, na wengine huhitaji upasuaji. Hayo huamuliwa pamoja na daktari. Hadi leo haijulikani dawa ya kuung'oa ugonjwa huu moja kwa moja. Anayekuuzia chupa mnadani kwa ahadi ya kusafisha kizazi na kumaliza yote, mwachie chupa yake.

Kabla ya kutumia fedha nyingine, fanya jambo moja. Kwa miezi miwili au mitatu, weka alama kwenye kalenda: siku gani uliumwa, mahali gani, kwa namna gani, na kazi gani ilikushinda. Nenda nayo zahanati, ukaombe rufaa ya hospitali, iwe Katesh au Haydom. Kama Kibarbaig au Kiiraqw ndicho kinachokutosha kueleza, nenda na mtu unayemwamini akufasirie. Na ikiwa kipimo cha ultrasaundi hakikuonyesha kitu, hiyo si hukumu kwamba huumwi. Uliza hatua inayofuata.

Lakini usingoje kalenda ikiwa maumivu yamekuja ghafla na kwa ukali, hasa hedhi ikiwa imechelewa, au ukizimia, au ukiwa na homa na uchafu wenye harufu. Huenda ni mimba iliyotunga nje ya kizazi, au maambukizi makali. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Maumivu yaliyotajwa kwa aina yake, mahali pake na siku yake humpa daktari pa kuanzia, nayo hukuokolea fedha na miaka.