Vumbi la Machimbo na Afya ya Watu wa Timau

Wasikilizaji, Timau ni nchi ya juu, upande wa kaskazini-magharibi wa Mlima Kenya, kando ya barabara itokayo Nanyuki kwenda Isiolo. Hujulikana kwa ngano, kwa viazi na kwa upepo wake. Wakati wa ukame upepo huo huinua vumbi la mashamba na la barabara, na watu wamelizoea. Lakini mahali popote pachimbwapo mawe na kokoto za kujengea hutoka vumbi jingine, nalo halifai kuzoewa.

Vumbi lionekanalo kwa macho hukwama puani na kooni, na mtu hukohoa akalitema. La hatari zaidi ni lile lisiloonekana. Punje zake ni ndogo kuliko maikromita 10, ambapo maikromita 1 ni sehemu moja katika elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa maikromita 50 hadi 100 hivi. Punje zilizo ndogo kupita zote hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingi hazitoki tena.

Mawe nayo hayafanani. Mengi ya Mlima Kenya yalitokana na volkano, na kwa kawaida hayana kwatzi nyingi, yaani yale madini magumu yang'aayo kama kioo. Lakini mtu akiteremka kuelekea Isiolo hukuta mawe ya kale sana yenye kwatzi tele. Vumbi la kwatzi huyatia mapafu makovu, na ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya. Mara nyingi hupita miaka kumi au zaidi kabla haujajionyesha, na mwenye nao hushikwa na kifua kikuu upesi kuliko wengine.

Mifano ipo. Mwaka 1930 na 1931, huko West Virginia, Marekani, ilichimbwa njia ya kupitisha maji chini ya mlima. Mwamba wenye kwatzi ulitobolewa bila maji, na mamia ya wafanyakazi wakafa. Karibu zaidi, wataalamu walipima vumbi katika machimbo madogo ya tanzanite ya Mererani, Tanzania, wakatangaza matokeo mwaka 2003: vumbi la kwatzi lilipita mno kiasi cha usalama.

Kinga iliyo kuu ni maji, nayo yatiwe kabla vumbi halijaruka. Mashine ya kutoboa mwamba ipelekewe maji penye ncha yake, na ile ya kuvunja kokoto inyunyiziwe pale mawe yaangukapo. Maji ni haba wakati wa ukame, na wakulima wayahitaji. Basi mwenye machimbo akinge maji ya mvua, tena atumie mnyunyizo mwembamba usiomaliza maji mengi. Malori yafunikwe kwa turubai, na yaende polepole karibu na nyumba na shule.

Avunjaye mawe kwa nyundo naye aloweshe jiwe kwanza, akae upande utokako upepo. Kitambaa puani huzuia vumbi kubwa tu. Ifaayo ni barakoa yenye kichujio, iliyokaza usoni. Nguo za kazi zisikung'utwe nyumbani penye watoto. Akohoaye kwa wiki mbili au zaidi aende hospitali, amweleze daktari kazi aifanyayo.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humlazimu mwajiri kuwalinda wafanyakazi wake. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, humpa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kwa hiyo mfanyakazi atakaye maji ya kuzuia vumbi haombi hisani, bali adai haki yake.

Wazee walisema: mdharau mwiba mguu huota tende. Punje hizi ni ndogo kuliko mwiba, na hazina maumivu siku ziingiapo. Ndiyo sababu yafaa zizuiwe mapema, mchimbaji angali ana nguvu na kifua kizima.