ANGA SI SHAMBA LA BIBI



Kila siku alfajiri, mashua za wavuvi hurejea pwani ya Magogoni, na samaki hupigwa mnada pale Feri. Hakuna mnunuzi amwulizaye mvuvi hati ya kumiliki Bahari ya Hindi. Yatosha kwamba mvuvi yule ameingia baharini kwa jasho lake, akatupa nyavu zake, akavua. Samaki ni wake. Bahari si yake. Jambo hili limekuwa la kawaida hata hakuna anayelitafakari. Lakini hoja hii hii ya mnadani ndiyo inayotumiwa leo na mataifa makubwa katika shauri zito kuliko yote yahusuyo anga za juu: ni nani mwenye Mwezi, na ni nani mwenye haki ya kuchimba na kuuza kilichomo ndani yake?

Wako watakaosema kwamba shauri hili haliwahusu watu ambao bado wanahangaikia madawati, dawa na barabara. Jibu la watu hao limo katika historia ya nchi yenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1884 Mjerumani Karl Peters alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya alama za machifu kwenye karatasi wasizoweza kuzisoma. Wakati huo huo wakubwa wa Ulaya walikuwa wameketi Berlin wakiandika kanuni za kugawana Afrika, na hakuna Mwafrika aliyekuwa na kiti katika baraza lile. Mkutano ulifungwa tarehe 26 Februari, 1885; kesho yake Kaisari akatoa hati ya kuyaweka maeneo hayo chini ya ulinzi wake. Waafrika walipokuja kuuliza, majibu yalikuwa yamekwisha kuandikwa. Ni dhahiri, basi, kwamba wakati wa kuuliza ni pale kanuni zinapoandikwa, wala si pale mashine za kuchimbia zinapokuwa zimekwisha kufika.

Sheria iliyopo inasemaje? Mkataba wa Anga za Juu uliwekwa wazi kutiwa sahihi tarehe 27 Januari, 1967. Ibara yake ya kwanza inasema kwamba uchunguzi na matumizi ya anga za juu ni kwa manufaa ya nchi zote, bila kujali kiwango cha maendeleo yao. Ibara ya pili inakataza taifa lo lote kuifanya anga, Mwezi au sayari nyingine kuwa mali yake, iwe kwa kudai mamlaka, kwa kuitumia, kwa kuikalia au kwa njia nyingine yo yote. Kwa hiyo bendera iliyosimikwa Mwezini mwaka 1969 haikuufanya Mwezi kuwa jimbo la Marekani.

Lakini mkataba huo haukusema lo lote la wazi juu ya kitu kilichokwisha kung'olewa ardhini. Kati ya mwaka 1969 na 1972 wanaanga wa Marekani walileta duniani kilo 382 za mawe na udongo wa Mwezi, na vyombo vya Wasovieti vikaleta chembe chache. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu ilikuwa kazi ya elimu. Kisha mwaka 1993 chembe tatu za udongo ule wa Wasovieti zikauzwa mnadani New York kwa dola 442,500. Tangu siku hiyo Mwezi ulikuwa umekwisha kuingia sokoni.

Mwaka 2015 Marekani ilitunga sheria inayompa raia wake haki ya kumiliki, kusafirisha na kuuza mali atakayoichimba angani, huku sheria hiyo hiyo ikitamka kwamba Marekani haidai mamlaka juu ya Mwezi wenyewe. Luxembourg ilifuata mwaka 2017, Falme za Kiarabu mwaka 2019, na Japani mwaka 2021. Mwaka 2020 Marekani na wenzake walianzisha Mapatano ya Artemis, yanayokubali uchimbaji huo na kuweka maeneo ya usalama kuvizunguka vyombo vya wachimbaji. Rwanda na Nigeria zilitia sahihi Desemba 2022, zikiwa nchi za kwanza za Afrika kufanya hivyo. Hoja ya sheria zote hizi ni ile ya mvuvi wa Feri: samaki ni wangu, ingawa bahari si yangu.

Hoja hiyo haina budi kupimwa, maana ina kasoro tatu.

Kwanza, samaki huzaa. Mvuvi wa leo akivua kwa kiasi, mvuvi wa kesho atakuta samaki. Barafu iliyojificha katika mashimo yasiyofikiwa na jua karibu na ncha za Mwezi haizai. Nayo ndiyo inayotazamiwa kutoa maji ya kunywa, hewa ya kuvuta na nishati ya roketi. Wala madini ya vimondo hayaoti upya. Aliyepata kukiona Kimondo cha Mbozi, chenye uzito wa tani nyingi, anaelewa mali inayosemwa hapa: ni chuma karibu asilimia 90, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni nikeli. Kikichukuliwa hakirudi. Na penye mashimo machache yenye barafu, aliyejenga shimoni na kujizungushia eneo la usalama amelikalia shimo, hata akiapa kwamba halimiliki.

Pili, mvuvi wa Feri hayuko huru kama inavyodhaniwa. Ana leseni, nyavu zake zina kipimo, baruti amekatazwa, na ushuru analipa. Samaki ni wake kwa sababu jamii nzima imekubali masharti ambayo kwayo samaki huwa wake. Anayenukuu haki ya mvuvi akaacha masharti yake amenukuu nusu ya sheria.

Tatu, bahari yenyewe ina mahali ambapo hoja hiyo imekataliwa. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unasema kwamba madini yaliyo chini ya bahari, nje ya mipaka ya nchi zote, ni urithi wa pamoja wa binadamu wote. Anayetaka kuyachimba hana budi kuomba kibali kwa Mamlaka ya Kimataifa yenye makao yake Kingston, Jamaika, na mapato yagawanywe kwa haki. Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 1985, na Mtanzania Joseph Sinde Warioba aliiongoza Tume ya Maandalizi ya Mamlaka hiyo. Kwa hiyo kanuni ya urithi wa pamoja si ndoto ya wanyonge. Ni sheria, na Watanzania wameshiriki kuijengea nyumba.

Kanuni kama hiyo iliandikwa kwa ajili ya Mwezi pia, katika Mapatano ya Mwezi ya mwaka 1979. Yalianza kutumika mwaka 1984. Marekani, Urusi na China hazimo. Lakini lawama hii isiwaangukie wakubwa peke yao. Nchi zilizoridhia mapatano hayo hazijafika hata 20, na hakuna hata moja ya Afrika Mashariki. Waliokuwa na haja kubwa kuliko wote ya kulindwa na sheria ile ndio walioiacha mlangoni.

Ikumbukwe kwamba Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji tu katika mambo ya anga. Tunguu, Unguja, palikuwa na kituo cha Marekani cha kufuatilia vyombo vya Mercury, na John Glenn alipoizunguka Dunia tarehe 20 Februari, 1962, kituo hicho kilikuwa kazini. Kiliondolewa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Katika Ghuba ya Ungwana, karibu na Malindi, Waitalia walisimamisha jukwaa la kurushia roketi baharini. Kutoka hapo, tarehe 12 Desemba, 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Kiswahili: Uhuru. Setilaiti hiyo iligundua mamia ya vyanzo vya miali ya eksirei angani. Pwani ilikuwa ya Waswahili, jina lilikuwa la Kiswahili, lakini matunda yake ya elimu yalivunwa kwingine. Funzo lake ni kwamba kuwa na ardhi iliyo chini ya anga hakutoshi kumpatia mtu fungu lake.

Funzo hilo lilidhihirika zaidi mwaka 1976. Juu ya mstari wa Ikweta, kwenye kimo cha kilomita 35,786, iko njia ambayo setilaiti ikiwekwa huenda sambamba na mzunguko wa Dunia, na kwa mtu aliye chini huonekana imesimama mahali pamoja. Hapo ndipo penye setilaiti nyingi za simu na televisheni. Njia hiyo ni moja tu, na nafasi zake zina hesabu, kama vizimba vya Soko la Kariakoo. Utaratibu ulikuwa ule wa anayewahi: mwenye roketi alichagua kizimba cha mbele, asiye nayo akabaki barabarani.

Tarehe 3 Desemba, 1976, nchi nane zilizopitiwa na Ikweta, zikiwamo Kenya, Uganda, Zaire na Kongo, zilitoa Azimio la Bogotá, Kolombia. Zilidai kwamba sehemu ya njia hiyo iliyo juu ya kila nchi ni mali ya nchi hiyo. Tanzania, ambayo Ikweta haiipiti, haikuwamo. Dai hilo lilikataliwa, na kwa kweli lilikuwa na ubovu: lilijaribu kuponya ulafi wa wenye roketi kwa kuipa hati miliki nchi iliyobahatika kukaa kwenye mstari. Je, Tanzania, Zambia au Mali zingepata nini?

Hata hivyo kilio kile hakikupotea bure. Mwaka 1982 Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu ulikutana Nairobi, na katika mkataba wake ukaandika kwamba ugawaji wa njia hiyo uzingatie mahitaji maalumu ya nchi zinazoendelea. Kufikia mwaka 1988 ulikuwa umepitishwa mpango wa kuitengea kila nchi nafasi, hata ile isiyokuwa na setilaiti. Yaani wanyonge walishindwa walipodai umiliki, wakafanikiwa walipodai mgawo.

Hapa ndipo Tanzania ina neno la kusema. Mwaka 1958, katika andiko lake la Mali ya Taifa, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba ardhi ni kipaji cha Mungu kwa watu wote, na kwamba alichokifanya mtu kwa jasho lake ndicho kilicho chake. Hadi leo ardhi ya Tanzania ni ya umma: mtu hupewa haki ya kuitumia, kwa muda na kwa masharti. Mkulima huuza mahindi yake bila kuogopa. Lakini hawezi kulifanya bonde zima kuwa lake kwa kuwa alifika na trekta mapema.

Kanuni hiyo inatosha kuupima Mwezi. Anayechimba alipwe jasho lake, maana roketi ni ghali na hatari ni kubwa. Lakini achimbe kwa kibali cha wote, mahali palipopimwa, kwa muda uliowekwa, na fungu la mapato lifike kwa wale ambao hawajaunda roketi. Mambo hayo sasa yanajadiliwa katika kamati ya Umoja wa Mataifa ya matumizi ya amani ya anga za juu. Nao Umoja wa Afrika umefungua Shirika la Anga la Afrika mjini Cairo, Aprili 2025. Uganda ilipata setilaiti yake ya kwanza mwaka 2022, na Kenya ilirusha Taifa-1 mwaka 2023.

Kazi iliyobaki iko mikononi mwa wasikilizaji wa mazungumzo haya. Mwalimu anayefundisha sayari bila kufundisha sheria yake amemwachia mtoto nusu ya somo. Mtumishi wa umma anayepokea rasimu ya mapatano ya anga, akaifungia katika jalada kwa kuwa haina haraka, amerudia kosa la machifu wa Usagara. Tofauti ni kwamba wao hawakujua kusoma karatasi ile, na yeye anajua.

Watanzania huita shamba la bibi mahali ambapo kila mpitaji huchuma apendavyo, kwa kuwa mwenyewe yuko kimya. Mwezi una wenyewe, nao ni binadamu wote. Wasinyamaze.