Muhogo Mchungu na Bakteria wa Tumboni
Msikilizaji wa Kiwangwa, bakteria wa utumboni wanatufaa sana: ndio wanaochachusha nyuzinyuzi za nanasi na kunde. Lakini muhogo mchungu una kemikali iitwayo linamarini, na bakteria haohao wakiivunja hutoa sianidi. Hiyo ni sumu.

Mwaka 1985 huko Tarime, wakati wa ukame, watu walikula muhogo ambao haukuandaliwa vizuri. Ugonjwa wa konzo, unaoletwa na sianidi hiyo, ukawapooza miguu, hasa watoto na kina mama. Ugonjwa huo hauponi.

Kwa hiyo unga wa muhogo mchungu ulowanishe, utandaze usizidi sentimita 1, uuache kivulini kwa muda wa saa 5 ili sumu ipae, ndipo usonge ugali. Mboga iwe dagaa au maharage. Protini husaidia mwili kuiondoa sianidi.