Masomo ya Kidato cha Tano: Achague Nani?

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi, mbele ya wazazi na vijana wa kidato cha nne)



Leo hatukuja kugawa kadi wala kukusanya michango. Tumekuja kusema habari za fomu moja ambayo kijana huijaza angali kidato cha nne, na ambayo matokeo yakisha kutoka hupewa muda wa kuibadilisha. Katika fomu hiyo huandika mchepuo, au tahasusi kama inavyoitwa siku hizi, yaani masomo matatu atakayolala nayo na kuamka nayo kwa miaka miwili. Masomo hayo ndiyo yatakayosema mlango upi wa Chuo Kikuu utafunguka na upi utakaa na kufuli. Jambo kubwa namna hii twalifanyaje? Wengi twalifanya kwa dakika tano, baba amesimama mlangoni anavaa viatu.

Pengine mtu atauliza, mambo ya shule yanaingiaje katika mkutano wa chama? Yanaingia barabara. Mwalimu Nyerere alikuwa akitukumbusha kwamba Mwingereza alipoondoka mwaka 1961 alituachia wahandisi 2 na madaktari 12. Mwaka huo huo Chuo Kikuu chetu kilianza Dar es Salaam, katika jengo la chama Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 20. Mafunzo ya udaktari yakaanza Dar es Salaam mwaka 1963. Kilimo cha shahada kikaanza Morogoro mwaka 1969. Uhandisi ukaanza mwaka 1973. Hesabuni wenyewe: tulikaa miaka 12 na bendera yetu kabla ya kuanza kumfundisha mhandisi katika chuo chetu wenyewe. Basi kijana anapochagua masomo, hachagui kwa ajili ya tumbo lake peke yake. Anachagua pia nani atapima barabara zetu, nani atapima damu zetu, na nani atatuandikia sheria na vitabu vyetu.

Lakini hapo hapo ndipo tunapokosea. Tukisikia kwamba nchi yataka madaktari, kila mzazi humshika mwanawe kwa nguvu na kumwambia aandike Fizikia, Kemia na Biolojia, hata kama mtoto huyo Kemia humtoa machozi. Katika mkutano mmoja mzee alisimama akatuambia, "Historia haijazi kibaba." Watu wakacheka, wakampigia makofi. Kijana wake alikuwa ameketi nyuma karibu na dirisha. Alama zake za Historia na Kiswahili zilikuwa nzuri kuliko za wote darasani, na za Fizikia zilikuwa za kubahatisha. Hakucheka. Tulipomwuliza baadaye anapenda nini, alijibu, "Baba amekwisha sema." Ndugu zangu, jibu hilo lilitutia uchungu.

Wala tusiwasingizie wazee peke yao. Sisi tunaosema nanyi tulikosea bila ya kusukumwa na mzazi yeyote. Tulipokuwa kidato cha nne tulikuwa marafiki wanne, na wote wanne tukaandika Fizikia, Kemia na Hisabati, kwa sababu hatukutaka kutengana na kwa sababu jina la mchepuo ule lilikuwa tamu masikioni. Tukapelekwa shule ambayo kwa muda mrefu haikuwa na mwalimu wa Fizikia. Tukanakili madaftari ya wenzetu waliotutangulia, makosa yao tukayanakili pia. Mtihani ulipokuja, ulituona. Baadaye tukaenda Chuo cha Ualimu, na ndiko tulikogundua kwamba tangu zamani kazi tuliyoipenda ilikuwa kusimama mbele ya watu na kuwaeleza habari za nchi yao. Hatujuti kuwa walimu. Tunaijutia miaka miwili tuliyoitupa kwa kumfuata mwenzetu kama kondoo.

Basi tusemeane wazi habari za milango. Anayetaka udaktari hana budi kuwa na Fizikia, Kemia na Biolojia, yote matatu. Anayechukua Kemia, Biolojia na Jiografia asidanganywe kwamba atafika huko huko. Fizikia itamzuia, lakini kilimo, misitu na mazingira vinamngoja, na nchi ya wakulima haiwezi kuviita vitu vidogo. Anayetaka uhandisi ashike Hisabati na Fizikia. Uchumi, Jiografia na Hisabati humfaa anayetaka mambo ya mipango, takwimu na fedha. Historia, Kiswahili na Kiingereza huelekea kwenye sheria, ualimu na uandishi wa habari. Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi nyingi mpya, na ndani yake mna michezo, sanaa na elimu ya dini. Wingi huo ni neema, lakini sokoni penye vitu vingi ndipo mtu asiye na shabaha anaporudi nyumbani na asichokihitaji.

Sasa, achague nani? Sisi twasema achague kijana mwenyewe, lakini asichague gizani. Kabla hajaandika, ajiulize maswali matatu.

Swali la kwanza: alama zangu zasemaje? Si alama za mtihani mmoja, bali za miaka minne. Somo ambalo limekushinda tangu kidato cha pili halitakuwa rafiki kidato cha tano, maana huko maji huzidi kina.

Swali la pili: kitabu gani nakifungua bila ya kutumwa? Miaka miwili ni mirefu kwa mtu anayesoma asichokipenda, na ni mifupi kwa anayekipenda.

Swali la tatu: shule nitakayopelekwa ina nani na ina nini? Mna mwalimu wa somo hilo? Maabara ina vifaa, au ina jina tu mlangoni? Swali hili kijana peke yake hawezi kulijibu. Hapa ndipo kazi ya mzazi na kazi ya tawi inapoanza. Mzazi aende shuleni akaonane na mwalimu wa taaluma, asingoje kuitwa kwa kosa la utovu wa nidhamu. Na sisi wa tawi yatupasa kuwakusanya waliomaliza kidato cha sita wakiwa likizo, watueleze shule zao zilivyo, uzuri wake na upungufu wake. Na palipo na upungufu wa walimu tuupeleke kunakohusika kwa sauti moja.

Twataka pia kuwasemea mabinti. Tumesikia kwa masikio yetu shangazi akimwambia binti, "Fizikia ni ya wanaume, wewe chukua kitu chepesi upate kuolewa mapema." Ndugu wananchi, umeme haumwulizi fundi kama ni mwanamume au mwanamke. Tangu mwaka wa fedha wa 2022/2023 ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule za Serikali imefutwa. Ikiwa Serikali imeiondoa ada mlangoni, ni aibu sisi kuiweka mila pale pale ilipokuwa ada.

Na kijana ambaye amekwisha kosea asikate tamaa. Mwalimu Nyerere alifundisha Biolojia kule Tabora. Alipokwenda Edinburgh akasoma masomo ya sanaa, akapata shahada mwaka 1952. Akarudi akafundisha Historia huko Pugu. Mlango mmoja ukifungwa, vipo vyuo vya ufundi, vya afya na vya ualimu, na kutoka huko wengi wamefika Chuo Kikuu wakiwa wamekomaa kuliko waliopita njia ya mkato.

Kuhusu yule kijana wa dirishani. Tulimfuata baba yake nyumbani, tukaketi naye barazani mpaka kahawa ikapoa. Hatukumwambia kwamba amekosea. Tulimwomba kitu kimoja tu: amwite mwanawe, amwulize swali, kisha anyamaze asikilize jibu. Akamwita. Kijana alianza kwa kigugumizi, halafu akasema kwa muda mrefu habari za vita vya Majimaji, na za mtu wa kijiji kile ambaye babu yao alimjua. Mzee alikuwa hajawahi kumsikia mwanawe akisema namna ile. Alipomaliza, mzee aliuliza, "Fomu hiyo mwisho wake lini?"

Hilo ndilo tunalowaomba leo, ninyi nyote. Mkifika nyumbani msiseme kwanza. Ulizeni, msikilize, ndipo mwandike.