Nyanya ya Dumu ni Mbuzi wa Kamba

(Mazungumzo na wanakisomo, mkoani Dodoma)



Leo hatukuja na kitabu. Tumekuja na dumu la mafuta ya kula, lile la njano la lita 20, limekatwa shingo. Anayetaka kulicheka na acheke sasa. Baada ya miezi mitatu atakuja kuomba nyanya.

Bustani ya nyumbani si habari mpya nchini. Wazee waliokaa katika vikundi vya redio mwaka 1975, wakati wa kampeni ya Chakula ni Uhai, wanaweza kutusimulia vizuri kuliko sisi. Lakini hapa kwetu Dodoma mvua huanza kama mwezi wa Desemba na huisha kama Aprili. Baada ya hapo nyanya ni za yule mwenye shamba bondeni, karibu na maji. Sisi wengine tunanunua fungu. Leo fungu, kesho fungu. Mkijumlisha mafungu ya mwezi mzima, mtaona fedha ya daftari za watoto imekwenda kwenye mchuzi.

Je, nyumba isiyo na shamba bondeni inaweza kupata nyanya zake wakati wa kiangazi? Inaweza. Lakini kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui, na kwa sababu hiyo miche yao hufa.

Mnyanya ulio shambani hupeleka mizizi yake chini na mbali kutafuta maji. Mnyanya ulio ndani ya dumu hauwezi. Mizizi ikifika ukutani imefika mwisho. Wazee husema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Sasa wewe umemfunga mbuzi uani, umekwenda msibani siku mbili, hukumwachia majani wala maji. Ukirudi utamlaumu mbuzi? Nyanya ya dumu ni hivyo hivyo. Ukishaifunga, kuilisha na kuinywesha ni juu yako, kila siku.

Haya, tuanze na chombo. Debe, ndoo iliyopasuka mdomo, dumu, kiroba cha unga, vyote vinafaa. Chombo cha lita 20 ni cha mche mmoja. Mmoja, siyo mitatu. Tunajua mkono huwasha kuongeza, lakini mitatu itagombania maji na hakuna utakaozaa vizuri. Toboeni matundu sita au saba chini, makubwa kama kidole kidogo, kisha tandazeni vigae vya chungu kilichovunjika. Bila matundu maji hutuama na mizizi huoza.

Sasa chombo gani tusitumie? Hapa mtuvumilie, tutakuwa wakali kidogo. Dumu lililowahi kuwa na dawa ya wadudu wa mazao, au dawa ya kuogeshea ng'ombe, lisitumike. Hata ukiliosha mara kumi, lisitumike. Sumu hunywewa na plastiki, na kuiona huwezi. Dumu hilo lisipandwe chakula, lisichotewe maji, wala asipewe mtoto kuchezea. Litoboeni ili mtu mwingine asije akalitumia, liwekeni mbali, mkamwulize bwana shamba au bibi shamba pa kulipeleka.

Hapa ndipo kusoma kwenu kunapofanya kazi. Kabla ya kukata chombo chochote someni karatasi iliyobandikwa. Mkiona picha ya fuvu la kichwa na mifupa miwili, acheni mara moja. Angalieni pia mstari wa rangi ulio chini ya karatasi ya dawa. Nyekundu ni sumu kali kabisa, halafu njano, halafu bluu, halafu kijani. Msidhani kijani ni juisi, nayo ni dawa. Na dumu lisilo na karatasi, ambalo mwenyewe hajui lilikuwa na nini, liacheni hapo hapo lilipo. Madumu ya mafuta ya kula yapo tele.

Udongo ni rahisi kwetu wafugaji. Chukueni karai mbili za udongo wa juu na karai moja ya samadi iliyooza vizuri. Kama udongo wenu ni mfinyanzi, ongezeni karai moja ya mchanga wa mtoni. Samadi mbichi huunguza mizizi, iacheni zizini kwanza. Msichukue udongo mahali palipokuwa na nyanya, mbilingani, nyanya chungu, pilipili au viazi mviringo. Hawa wote ni ukoo mmoja na wanaambukizana ugonjwa wa mnyauko, ambao hukaa udongoni.

Mbegu msizipande moja kwa moja dumuni. Zioteshwe kwanza kwenye kitalu kidogo, hata kwenye beseni bovu. Baada ya wiki nne hivi, mche ukiwa na majani manne au matano, uhamisheni jioni jua likiwa limepoa. Uzamisheni mpaka karibu na majani ya kwanza. Shina la mnyanya likifukiwa huota mizizi mingine. Mbegu iitwayo Moneymaker hurefuka, inataka kijiti na kamba. Cal J na Roma VF ni fupi, hizo zinapendeza kwa dumu. Wekeni mahali panapopata jua muda wa saa sita, lakini jua la mchana wa Oktoba likichoma sana, sogezeni dumu kivulini. Shamba halisogezwi, dumu linasogezwa.

Sasa maji. Chukueni penseli. Mche mdogo unatosheka na lita moja kwa siku. Ukianza kuzaa, na joto la huku kwetu, upeni lita mbili: moja asubuhi, moja jioni. Nyumba yenye madumu matano itahitaji ngapi? Tano mara mbili ni kumi. Lita kumi, yaani nusu ya ndoo kubwa. Akina mama wanaochota mbali wanatutazama vibaya, tunawaona! Lakini maji yaliyooshea mchele na mboga yanafaa. Maji ya sabuni hapana. Na akina baba, ndoo haina jinsia. Tandazeni nyasi kavu juu ya udongo, maji yatakaa zaidi. Mwagieni kwenye udongo, siyo juu ya majani, maana majani yakilowa huita ukungu.

Mbona tunasisitiza kila siku? Kwa sababu ya ugonjwa mmoja. Mtaona tunda changa lina doa jeusi kitakoni, limebonyea, kama ngozi. Watu husema ni wadudu. Wanakwenda dukani, wananunua dawa, wanapuliza, fedha imepotea na nyanya bado zinaoza. Ule si mdudu. Tunda limekosa chokaa, na chokaa husafiri na maji kutoka mizizini. Ukiacha dumu likakauka siku mbili, halafu siku ya tatu ukalimwagia ndoo nzima kwa huruma, tunda linaoza kitako au linapasuka. Dawa yake ni maji kidogo kidogo bila kuruka siku. Ukisafiri, mwachie jirani kopo la kupimia.

Mdudu wa kweli ni kantangaze. Huyu asili yake ni Amerika ya Kusini, na aliingia nchini mwetu mwaka 2014. Funza wake huchimba ndani ya jani, jani linakuwa na mabaka meupe, kisha hutoboa tunda. Wakulima wakubwa wanahangaika naye. Ninyi wenye minyanya mitano mna nafuu, mnaweza kukagua jani moja moja kila asubuhi. Jani lenye baka lichumeni na kulichoma moto. Msilitupe jalalani. Mkilazimika kupuliza dawa, someni siku za kungoja kabla ya kuchuma, mzihesabu kwenye daftari.

Wazee wetu mnaovuta au kutafuna tumbaku, samahani, naweni mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche. Tumbaku nayo ni ya ukoo ule ule, na ugonjwa wake hupitia mikononi.

Tangu kuhamisha mche mpaka tunda la kwanza kuiva ni kama miezi miwili au miwili na nusu. Chagueni tunda zuri la mche ulio mzima, mkamue mbegu kwenye kikombe, ziacheni zichachuke siku mbili au tatu, zioshwe, zikaushwe kivulini. Mbegu za chotara msihifadhi, watoto wake hawamfuati mama. Fungeni mbegu kwenye karatasi kavu, mkaandika jina lake na tarehe.

Sasa tunapokea maswali. Mwenye dumu ambalo hana hakika nalo, alilete hapa mbele tulisome pamoja.